Tumbaku na asali ya Tabora kwa mnunuzi wa nje: jinsi ya kuuza bila kumdhulumu aliyechuma

Safari ya kumtafuta mnunuzi wa nje huanzia kwenye kaunta buku la vibarua, miezi minane kabla ya mtu kupanda ndege. AMCOS nyingi, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, huanza na vipeperushi na sampuli. Mnunuzi anapatikana, kisha anatuma fomu inayouliza nani alichuma jani hili, ana miaka mingapi, alilala wapi, alilipwa lini. Katibu anaandika "hakuna tatizo" kwenye kila mstari. Jibu hilo linaweza kupita msimu mmoja. Siku mtu akija kulihakiki shambani, chama kizima kinaanguka, wakiwemo wanachama waliowatendea watu wao haki.

Mwongozo huu unahusu zaidi tumbaku ya mvuke ya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, kwa kuwa huko ndiko jambo lenyewe lilipo zito. Asali tutaigusa mwishoni. Unawahusu pia watu wa Kigoma, maana vibarua wengi wa msimu wanatoka Kasulu, Kibondo na Kakonko, na wengine wanashuka na treni Kaliua au Urambo wakiwa na begi moja na namba ya simu ya dalali. Reli hiyo inapita karibu na njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Ujiji ikapita Unyanyembe, hapa Tabora, kwenda pwani na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Hatuhitaji mgeni atufundishe biashara ya nje isiyomjali binadamu inafananaje.

Kwa nini mnunuzi anauliza

Anauliza kwa sababu sheria za kwake zinambana. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1930, kifungu cha 307, inakataza kuingiza bidhaa iliyotokana na kazi ya kulazimishwa, na mwaka 2016 mwanya mkubwa uliokuwemo uliondolewa. Uingereza ina sheria ya utumwa wa kisasa ya mwaka 2015. Ufaransa ina sheria ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni kubwa kuangalia madhara kwenye mnyororo wao wa ugavi, na Ujerumani ina yake iliyoanza kutumika Januari 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 kanuni ya kuzuia sokoni bidhaa zote za kazi ya kulazimishwa, na itaanza kutumika tarehe 14 Desemba 2027. Nyuma ya hizo zote kuna Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu za mwaka 2011: serikali ilinde, kampuni iheshimu, aliyeumizwa apate nafuu.

Mfano wa karibu ni Malawi. Novemba 2019 forodha ya Marekani ilitoa amri ya kuzuia tumbaku yote ya Malawi kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa na kazi za watoto. Baadaye kampuni moja moja zikaruhusiwa tena, kila moja kwa ushahidi wake. Aliyekuwa na daftari alirudi sokoni mapema, asiye nalo akabaki akingoja. Tumbaku ya Tanzania nayo imo kwenye orodha ya Wizara ya Kazi ya Marekani ya bidhaa zenye kazi za watoto, pamoja na kahawa, chai, mkonge, karafuu, dhahabu, tanzanaiti na sangara. Mnunuzi anaisoma orodha hiyo kabla hajakujibu barua pepe.

Kuna pia hatari ya nchi nzima kuadhibiwa. Burundi ilitolewa Januari 2016 kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na Kambodia ilipunguziwa nafuu ya ushuru ya Ulaya Agosti 2020 kwa sababu za haki za binadamu. Mkulima hana uwezo juu ya hayo. Anao uwezo juu ya yanayotokea kwenye bani lake, lile jengo la kukaushia tumbaku.

Hesabu ya ujira, ambayo wengi hawaifanyi

Mtoto haingii kwenye tumbaku kwa sababu mzazi ni mkatili. Anaingia kwa sababu bei ya kilo haikubeba ujira wa mtu mzima, na fedha taslimu hazipo mwezi ambao kazi ipo. Ukiruka hatua hii, ukaguzi na vyeti vyote vitakavyofuata havitashika.

Chukua hekta moja. Kwa nafasi ya mita 1.2 kwa nusu mita, inabeba miche kama 16,600. Wakati wa kuchuma, kila mche unatolewa majani mawili au matatu yaliyoiva kutoka chini, karibu kila wiki, mpaka kileleni. Mzunguko mmoja ni majani zaidi ya 33,000 ya kuvunja, kubeba, kufunga kwenye fito na kupandisha banini. Familia ya watu wazima wawili haiwezi. Kwa hiyo ama kuna kibarua, ama kuna watoto. Hakuna njia ya tatu, na mkulima anayesema anayo aulizwe vizuri.

Sasa piga hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Kibarua mmoja, miezi saba, Oktoba hadi Aprili, shilingi 210,000 kwa mwezi: jumla 1,470,000. Hekta ikitoa kilo 1,200, ujira wa mtu huyo ni shilingi 1,225 katika kila kilo. Dola ikiwa shilingi 2,450, hiyo ni nusu dola kamili ya kila kilo. Kama bei unayoshangilia haiachi nusu dola hiyo baada ya kukata pembejeo, kuni, ushuru na mkopo, basi kuna mtu analipa tofauti kwa mwili wake. Kabla ya kuweka kiwango chochote, chukua tangazo la kima cha chini linalotumika sasa kutoka ofisi ya kazi ya mkoa. Amri hizo hubadilika, na kiwango cha msimu juzi kinaweza kuwa kinyume cha sheria leo.

Tatizo la pili ni tarehe. Tumbaku inalipwa baada ya masoko, na kibarua anakula kila siku. Ndiyo maana ukazoeleka ule mtindo wa "nitakulipa tukishauza". Mtu anafanya kazi miezi saba kwa sembe na maharage ya mkopo, kisha mwishoni anahesabiwa chakula, dawa ya malaria, vocha na gamboti, na anachobakiwa nacho hakitoshi nauli ya kurudi Kibondo. Mkulima wakati mwingine hana nia mbaya, soko lenyewe limechelewa. Lakini kwa mkaguzi wa nje hali hiyo ina jina. Shirika la Kazi Duniani lina dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, na hapa zinaonekana tatu kwa mpigo: kuzuiliwa ujira, kufungwa na deni, na kudanganywa masharti. Ukiongeza kushikiliwa kitambulisho cha NIDA "kisipotee", zinakuwa nne.

Dawa yake ni mkopo wa ujira, ukiwa tofauti na mkopo wa pembejeo. Mkulima akilipa kila mwisho wa mwezi kuanzia Oktoba na kurudisha mkopo mwisho wa Juni, kila shilingi inakaa nje wastani wa miezi mitano. Kwa riba ya mfano ya asilimia 12 kwa mwaka, 1,470,000 inazaa riba ya 73,500, yaani shilingi 61 kwa kilo. Hiyo ndiyo gharama ya kuacha kumkopa kibarua bila riba. Ni ndogo mno kulinganisha na kupoteza soko, na ndiyo kitu cha kwanza cha kumwomba mnunuzi: akubali kutanguliza sehemu ya fedha hizo au abebe riba yake. Wengi hukubali hili kwa urahisi kuliko kupandisha bei, kwa kuwa linaingia kwenye bajeti yao ya uwajibikaji na wanaweza kulionyesha kwa wakaguzi wao.

Kosa linalojirudia: mkopo wa ujira unatoka kwa jina la mkulima, unaishia kwenye pikipiki. Zuia hilo kwa kutoa kwa awamu, Oktoba, Januari na Machi, na awamu ya pili isitoke mpaka karatasi ya malipo yenye dole gumba la kibarua iletwe ofisini. Pale simu inaposhika, chama kimtumie kibarua moja kwa moja kwa simu, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Laini ya mwajiri haikubaliki hata kama kibarua anasema ameridhika.

Kaunta buku la vibarua

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri, jinsia, anuani, mahali alipoajiriwa, kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa. Mkulima wa hekta mbili naye ni mwajiri. Chora mistari ifuatayo kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila kibarua:

- jina kamili na mwaka wa kuzaliwa, na ushahidi uliouona (NIDA, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba)
- kijiji na wilaya alikotoka, na aliyemleta. Kama dalali alilipwa, kiasi gani na nani alilipa
- siku aliyoanza, kazi alizoelezwa, ujira kwa mwezi, siku ya malipo
- anapolala, na namba ya simu ya ndugu aliyemwacha nyumbani
- kila malipo: tarehe, kiasi, saini au dole gumba, jina la shahidi asiye wa familia ya mwajiri
- kila alichokopeshwa, siku hiyohiyo, akiwa anaona

Mstari wa "mahali alipoajiriwa" usiuache wazi. Mkataba ukiisha mbali na pale mtu alipochukuliwa, sheria inamdai mwajiri amrudishe yeye na mizigo yake, au ampe fedha ya usafiri. Ukiandika "Kaliua" kwa mtu uliyemfuata Kakonko umemnyima nauli, na mkaguzi anayejua kazi yake huanza kuangalia hapo.

Ada ya dalali isitoke kwa kibarua. Na makato ya hasara, mfano bani limeungua, hayakatwi kwa hasira: yanahitaji maandishi, nafasi ya mtu kujieleza, na jumla isizidi robo ya ujira wake. Saa ni 45 kwa wiki, zisizozidi siku sita na saa tisa kwa siku. Zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu.

Kuhusu watu wanaotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, tunasema wazi: anayeogopa kuonekana na polisi hawezi kudai ujira wake, na baadhi ya waajiri wanamtafuta kwa sababu hiyohiyo. Chama kisimwandikishe mtu asiye na kibali cha kutoka kambini na kufanya kazi. Lakini akishafanya kazi alipwe chote alichofanyia, siku hiyo, kwa kiwango cha wenzake. Kumripoti mtu ili kukwepa kumlipa ni unyama, na chama kikiligundua kimwondoe mwanachama huyo kwenye orodha ya mauzo ya nje.

Ukaguzi wa ndani: saa ndiyo kila kitu

Ukaguzi wa saa nne asubuhi, uliotangazwa siku mbili kabla, unaona kile kilichopangwa uone. Nenda mara tatu kwa msimu: wakati wa kupandikiza, wakati wa kuchuma na kukausha, na wakati wa kupanga madaraja kabla ya mteuzi, anayethibitisha daraja la kila mtumba, kuja. Idadi ya mashamba iwe angalau kipeuo cha pili cha wanachama, njia wanayoitumia wakaguzi wengi wa vikundi: wanachama 324, mashamba 18. Usipige kura kwa wote. Nusu yachaguliwe kwa bahati nasibu, nusu kwa hatari: eneo kubwa kuliko watu wazima waliopo, vibarua wa mbali, shamba lililo ndani ya pori mbali na kijiji.

Wakati wa kuchuma fika saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Umande bado upo. Tazama nani yuko ndani ya mistari na amevaa nini. Nikotini ya jani bichi inapenya kwenye ngozi, na inapenya haraka zaidi jani likiwa limelowa. Mtu anaanza kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kinagonga, anatapika, jioni anasemwa ana malaria. Mtoto anaumia zaidi kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Kinga ni kuchuma baada ya umande kukauka, mikono mirefu, gamboti, glovu, nguo kavu ya kubadili, na maji na sabuni pembeni ya shamba. Gharama ya glovu ipo chini kabisa ya zote zilizotajwa humu, na bado ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye bajeti.

Rudi tena saa tatu usiku, kwenye bani. Hii ndiyo ziara inayosema ukweli. Kukausha kunachukua siku tano hadi saba mfululizo: joto linaanzia kwenye nyuzi 35 hivi jani likigeuka njano, linapandishwa polepole, mwisho linafika karibu 70 kukausha mti wa kati. Moto ukizimika usiku jani linaharibika rangi. Ukizidi, au fito ikidondokea bomba la moshi, bani linateketea. Kwa hiyo lazima mtu alale pale, achochee kuni, aamke kila mara. Kwa kaya isiyo na mkono wa ziada, mtu huyo ni kijana wa kiume wa miaka kumi na miwili aliyejifunika khanga ya mama yake kwenye mdomo wa tanuru, na kesho yake saa moja anatakiwa awe darasani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Suluhisho ni zamu ya watu wazima wawili, na nyongeza ya usiku isiyopungua asilimia tano ya ujira. Pale mabani yanapokaribiana, kaya tatu au nne zishirikiane mlinzi mmoja mzima wa usiku. Hilo linafanyika bila mradi wowote.

Ziara ya tatu ni ya kimya zaidi: nenda shuleni. Shule zinafunguliwa Januari, na Januari hadi Machi ndiyo kilele cha kuchuma. Mwombe mwalimu mkuu, kwa barua ya chama na ridhaa ya ofisi ya kata, akuonyeshe daftari la mahudhurio. Usichukue majina. Hesabu utoro wa darasa la nne hadi la saba kwa wiki, Januari mpaka Mei, kisha linganisha na Agosti. Ukiona utoro unapanda wiki za kuchuma na kushuka masoko yakifunguliwa, umeshapata jibu ambalo hakuna mkulima angekupa kwa mdomo.

Kwenye mahojiano, kaa na kibarua mahali ambapo mwajiri haoni wala hasikii, na kama anazungumza Kiha au Kirundi, mkalimani asiwe jamaa wa mwajiri. Usimuulize "Unalipwa vizuri?" Atakujibu "ndiyo, bosi." Muulize "Mara ya mwisho kushika hela mkononi ilikuwa lini, na ilikuwa ngapi?" Muulize "Ukitaka kwenda nyumbani kesho, nini kitakuzuia?" Halafu nyamaza umsikilize.

Ukimkuta mtoto anafanya kazi

Sheria inasema chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa. Kuanzia 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kazi ya hatari ni kwa aliyetimiza 18. Kwa tumbaku, weka upande wa hatari jani bichi, dawa, moto wa bani, na kubeba mizigo mizito, bila mjadala. Mtoto wa nyumbani kufagia ua au kuchota maji ndoo ndogo baada ya shule hakuna anayemshtaki mzazi kwa hilo, na mkaguzi anayefanya hivyo anawafundisha watu kuficha.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumfukuza mtoto siku hiyohiyo ili shamba lionekane safi. Wa jirani atakwenda shamba la pili. Aliyetoka Kasulu ataachwa stendi bila nauli, na huko kuna watu wanaomsubiri. Fanya hivi. Mwondoe kwenye kazi ya hatari palepale, lakini asiondoke kwenye usalama. Mwajiri alipe siku zote alizofanya, kwa kiwango cha mtu mzima. Mwite afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Tafuta ndugu zake kwanza, ndipo apelekwe kwao akiwa na mtu. Kama ni mtoto wa mwenye shamba, kaa na wazazi mtazame ile hesabu ya ujira: ni mkono gani umekosekana na utalipwa vipi. Mtembelee tena baada ya mwezi mmoja, kisha mitatu. Andika kila hatua, bila jina lake kwenye nakala itakayokwenda kwa mnunuzi.

Umri ukiwa na utata na hati hakuna, muulize ana mdogo wake darasa la ngapi na aliacha shule mwaka gani. Ukibaki na shaka, mhesabu kuwa mtoto.

Mwanachama aliyekutwa mara ya kwanza aonywe kwa maandishi na apewe mpango. Wa mara ya pili tumbaku yake isiingie kwenye mzigo wa mnunuzi huyo. Mwenye kosa la kumfungia mtu, kumpiga au kumdhalilisha hapewi mara ya pili: hilo ni la polisi.

Malalamiko

Sanduku la maoni lililowekwa mlangoni pa ofisi ya AMCOS halipati barua, kwa sababu mwenyekiti ndiye mwajiri. Weka namba ya simu ya mtu wa nje ya chama, mfano muuguzi wa zahanati au kiongozi wa dini anayeaminika na pande zote, na iandikwe kwenye ukurasa wa kibarua. Mgogoro wa ujira ukishindikana kijijini, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya kuachishwa kazi yapelekwe ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Vibarua hutawanyika Mei, kwa hiyo waambiwe siku hizo mapema, Machi, wakiwa bado wapo.

Kwenye meza ya maonyesho

Sasa unaweza kwenda Sabasaba, au kuiomba TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, nafasi kwenye msafara wa nje. Usiandike kwenye kipeperushi "tumbaku isiyo na kazi za watoto". Huwezi kuithibitisha, na mnunuzi mzoefu anaogopa chama kisichokuta tatizo hata moja kuliko kilichokuta kumi na moja na kuyashughulikia. Sema ulichonacho: mashamba mangapi yalikaguliwa, saa ngapi, mlikuta nini, mlifanya nini, kipi bado. Karatasi moja, pande mbili.

Kisha geuza mazungumzo. Mnunuzi anayeleta kanuni za maadili za kurasa arobaini huku akishusha bei kwa senti kumi anahamishia mzigo wake kwa kibarua, na Kanuni Elekezi zinamtaka naye aangalie namna anavyonunua. Mwekee mezani ile hesabu ya nusu dola kwa kilo. Omba mambo matatu kwenye mkataba: fedha ya ujira itangulie kabla ya Novemba, ununuzi uwe wa misimu mitatu, kwa kuwa hakuna anayejenga mfumo kwa oda ya mwaka mmoja, na kasoro ikikutwa, kuwe na siku 90 za kurekebisha kabla ya kukata biashara, isipokuwa kwa ukatili wa wazi. Mnunuzi akikataa yote matatu, amekuambia ukweli wake mapema.

Ujue pia kuwa tumbaku ina kesi yake ya afya. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku tangu 2007, na mkataba huo unataka wakulima wasaidiwe kupata kazi mbadala. Usitegemee kila balozi au shirika la maendeleo likushike mkono kwenye jani. Ndipo asali inapokuja. Chama chenye mizinga kwenye misitu ya miombo kiweke asali mbele ya meza, kwa sababu mkono unaohitajika ni mdogo na hauangukii wiki za kuchuma. Maswali yake ni mengine: nani anaruhusiwa kuingia hifadhi ya msitu, wanawake wana mizinga kwa majina yao au wanachuja tu asali ya waume zao, na dalali alinunua ndoo kwa bei gani. Kaunta buku ni lilelile, mistari inapungua.

Wa Kigoma wenye kahawa ya Kalinzi na Manyovu, au mawese, wana jambo la ziada. Kanuni ya Ulaya kuhusu ukataji misitu inazigusa bidhaa hizo mbili, na tarehe ya kuanza kwake imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini hilo lisiwafanye mlale. Inataka nukta ya ramani ya kila shamba, latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya nukta; shamba linalozidi hekta nne lichorwe mpaka wote. Inataka pia ushahidi kwamba sheria za nchi za ardhi, kazi na haki za watu zimefuatwa. Anayekwenda kuchukua nukta shambani achukue na ukurasa wa vibarua safari hiyohiyo.

Kwa afisa biashara wa halmashauri

Ukimpeleka muuzaji nje kwa fedha ya umma, jina la mkoa linakwenda naye. Kabla ya kumweka kwenye msafara mwombe vitu vinne: orodha ya wanaomuuzia, karatasi mbili za malipo ya vibarua za mwezi uliopita, ripoti ya ukaguzi wa ndani wa msimu huu, na tamko kama ana shauri lolote kwenye Tume ya Usuluhishi. Kuwa na shauri kusimzuie mtu, kulificha kumzuie. Mgeni akija kutafuta ardhi au bidhaa, muulize na yeye: anapeleka wapi, kwa nani, na mkataba utakuwa kwa lugha gani.

Msafara ukirudi, vipengele vya mkataba visomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa chama, kabla vitalu havijaandaliwa, na vibarua waliobaki kijijini waalikwe. Nakala ya bei, tarehe za malipo na namba ya malalamiko ibandikwe ghalani, kwenye usawa wa macho, karibu na mizani.